Miaka Hamsini na Siku Mbili

Jumatano ile ilifutwa mara tatu, na kila ilipofutwa watu wa mji walirudi kwenye Jumanne yao bila kinyongo, wakaketi pale walipokuwa wameketi, wakaagiza upya chai waliyokwisha kuinywa. Siwema peke yake, au ndivyo alivyodhani, ndiye aliyebaki na Jumatano zote tatu kifuani, naye hakuwa na pa kuziweka. Ukimwambia mtu kwamba jana alikusikia ukilia, ilhali hiyo jana kwake haijafika, atakuona umerukwa na akili. Tena huenda asikosee. Mwenye akili timamu ni nani katika mji ambao kalenda hufuata bei ya mafuta?

Maana hivyo ndivyo walivyoishi. Mji ulikula, ukavaa na ukazika kwa kisima kimoja cha mafuta, kilichokuwa jangwani, mwendo wa siku tatu kwa miguu, na kwa bomba moja lililoyaleta mafuta hayo hadi mjini. Bei ikipanda, kalenda kubwa iliyotundikwa katika Nyumba ya Vipimo ilisogezwa mbele, watu wakazeeka kwa furaha. Bei ikishuka, kalenda ilirudishwa nyuma, siku au mwezi au mwaka, kadiri soko lilivyoumia. Mwili nao, ukiambiwa jambo moja kila asubuhi, mwisho hukubali. Siwema alikuwa na miaka arobaini na sita kwa mara ya ishirini na tano sasa, na kichwani hakuwa na mvi hata moja. Jua liliendelea kuchomoza na kutua juu ya hayo yote, lakini jua halikuwa na saini, kwa hiyo hakuna aliyelihesabu. Na sheria ya mji ilikuwa imechorwa juu ya mlango wa Nyumba ya Vipimo, kila mtu aliijua tangu utotoni: neno lililosemwa katika siku ambayo haijafika, halijasemwa.

Kazi ya Siwema ilikuwa upatanishi. Usidhani alipatanisha watu. Watu wa Nyumba ya Vipimo hawakugombana kamwe. Zilizogombana ni namba zao. Mle ndani mlikuwa na meza nne. Kwenye Meza ya Mwamba alikaa mtu aliyeyasoma mawe na mafuta yaliyomo, akajua yametoka katika bahari gani iliyokauka kabla hajazaliwa yeyote wa kuilaani. Kwenye Meza ya Nguvu alikaa mwanafizikia aliyepima msukumo wa chini ya ardhi. Meza ya Soko ilikuwa ya Bwana Fumo, mpima hatari za bei, mtu mpole, msafi, asiyewahi kumkatiza mwenzake maneno. Na Meza ya Chuma ilikuwa ya Fundi Mlekwa, mjuzi wa madini, ambaye kazi yake ilikuwa kukata vipande vya bomba, kuvichoma, kuvigonga na kuvisikiliza.

Kila Jumanne Baraza liliwauliza wote wanne swali moja: kisima kitadumu hadi lini? Kila meza ilitoa namba yake. Na kwa kuwa namba nne ni ugomvi, na ugomvi ni aibu ya nyumba, Siwema alizijumlisha, akazigawa kwa nne, akapata moja, akaitia saini. Penye wazee hapaharibiki neno, walisema, na yeye aliusema msemo huo kuliko wote, tena kwa raha ya moyoni. Alizaliwa katika nyumba ya makelele. Baba na mama yake waligombana mpaka kuta zikaanza kuwajua, naye akiwa msichana, amejifunika shuka kichwani, aliapa kwamba popote atakapoishi akiwa mkubwa hapatasikika sauti mbili. Akaenda akaolewa na mtu mkimya, akazaa mtoto mmoja tu, binti, akamwita Hidaya, akamlea kwa kugawa kila kitu katikati.

Jumanne hiyo namba zilikuja kama zilivyozoea kuja. Mwamba ulisema miaka sitini. Nguvu ikasema hamsini. Soko likasema tisini. Chuma kikasema siku tisa. Siwema hakushtuka, mpatanishi akianza kushtushwa na namba, kazi imemshinda. Alijumlisha, akagawa, akapata miaka hamsini na siku mbili na robo. Ile robo akaiondoa kwa ajili ya usafi wa karatasi. Akasaini. Karatasi ikapelekwa kwenye chombo cha kupelekea nakala, pamoja na saini, na kabla wino haujakauka kule kisimani walikwisha kujua kwamba hakuna kufunga koki, kwani kisima kina miaka hamsini na siku mbili.

Wino ulikuwa bado unang'aa Fundi Mlekwa alipoingia ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Hakukaa. Alikifungua, kikawa kipande cha bomba, cheupe, kinang'aa, hakina kutu, akampa na kumwomba akivunje. Siwema akacheka, akasema yeye na chuma wapi na wapi. Mlekwa akamwomba tena. Basi akakishika kwa mikono miwili, hiyo iliyozoea kalamu, akakikunja kidogo tu kwa kumridhisha mzee wa watu, na chuma kikakatika kama kashata.

"Mama Hidaya," Mlekwa alisema, "hicho nimekikata karibu na gurudumu la koki. Kule anakokaa binti yako."

Kisha akamweleza, polepole, kwa maneno ambayo hakuwahi kuyahitaji alipokuwa akitoa namba tupu. Kule chini mna hewa yenye harufu ya mayai yaliyooza. Inapokigusa chuma huacha ndani yake kitu kidogo kuliko vyote vilivyoumbwa, na chuma hukinywa. Hakipindi, hakipati kutu, hakitoi mlio. Kinabaki kizuri cha kupigiwa mfano, huku ndani kimekwisha kutawanyika, na siku yake ikifika hupasuka chote kwa pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Mlekwa, na hewa ile ikitoka yote haitamwacha mtu wala mbuzi. Siku tisa hizo alizihesabu kwa jua.

"Nilikuandikia tisa," akasema. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaifanya nini?"

Siwema alitazama vipande viwili mkononi mwake. "Niliipatanisha," akasema.

Ndipo alipofahamu jambo ambalo mtoto wa shule angelifahamu kabla ya kifungua kinywa. Lile swali moja la Baraza lilikuwa maswali manne. Mwamba ulijibu mafuta yapo ya miaka mingapi, Nguvu ikajibu yatasukumwa kwa miaka mingapi, Soko likajibu yatatakiwa kwa miaka mingapi, na Chuma peke yake ndicho kilichojibu kuhusu kifo. Mtu akiwa na moyo wenye afya, ini zima na mapafu safi, na kamba imo shingoni, hujumlishi ukagawa kwa nne. Lakini yeye alijumlisha, na alikuwa amejumlisha hivyohivyo maisha yake yote, na hakuna siku aliyolala na wasiwasi. Aliona haya. Akafunga fundo kwenye pindo la kanga yake, fundo la jua la kwanza, ili kalenda isimdanganye.

Kesho yake, Jumatano ya kwanza, alisimama mbele ya Baraza akasema yote. Walimsikiliza vizuri. Wazee kumi na wawili nyuma ya meza ndefu, na bibi mmoja kati yao, mwenye miwani ya dhahabu, alilia waziwazi, akaomba koki ifungwe siku hiyohiyo. Lakini habari haina mlango. Kabla karani hajamaliza kuandika amri, soko lilikwisha kunusa hofu, bei ikaporomoka, na wale wenye dhamana ya kalenda wakapanda ngazi wakairudisha nyuma, kama sheria ilivyotaka. Ikawa Jumanne. Si Jumanne yoyote, bali palepale baada ya saini, wino ungali mbichi. Siwema alimfuata yule bibi wa miwani, akamkumbusha machozi yake. Bibi akamshika mkono kwa huruma, akasema hajalia tangu alipofiwa na mumewe, kisha akaisifu kanga yake na kuuliza ni ya wapi.

Jua lilitua mara mbili kabla Jumatano haijaruhusiwa kufika tena. Mara hii alikwenda na Mlekwa, na Mlekwa akavunja chuma mbele yao wote, kipande juu ya kipande, mpaka meza ikajaa. Bei ikaporomoka zaidi. Kalenda ikarudi. Na katika Jumanne ile Siwema alimkuta Mlekwa ukumbini, gazeti mkononi, akimwambia kwa staha kwamba ana kitu anataka kumwonyesha, na kwa nini mama analia? Kisha mzee akafungua gazeti, akakuta ndani hamna kipande bali vipande. Akavigeuza-geuza. Akamuuliza nani amevivunja. Siwema aliliona jambo hilo na likamtia hofu mpya: watu wote walirudi Jumanne, lakini chuma hakikurudi.

Jumatano ya tatu alijaribu ujanja. Aliandika kwa upole, maneno yaliyotiwa pamba: huenda, kwa mbali, hali ya bomba ikahitaji kutazamwa. Aliamini kwamba akiufunga ukweli vizuri soko halitaujua. Soko likaujua. Kalenda ikarudi, wino ukawa mbichi, na yeye akafunga fundo la tano akiwa ameegemea ukuta wa Nyumba ya Vipimo, ameishiwa maneno, ameishiwa watu.

Hapo ndipo Bwana Fumo alipotoka kwenye meza yake, akamletea kiti na glasi ya maji, akamwambia apumzike, mara tatu si kazi ndogo.

Siwema akainua kichwa. Mara tatu, alisema. Kwa hiyo na yeye anakumbuka? Bwana Fumo akasema anakumbuka zote, tena si hizo tatu tu. Meza yake isipokumbuka, itapimaje? Wenzake husahau kwa sababu kazi zao zinawaruhusu.

"Basi unajua bomba litapasuka," Siwema alisema.

"Najua. Ila mimi sipimi kama litapasuka, mama. Napima watu watajua lini."

Akamweleza, bila ukali hata kidogo, na upole wake ndio uliotisha. Habari ya hatari hushusha bei, na bei ikishuka siku hurudi, na siku ikirudi habari huwa haijatolewa. Kwa hiyo hatari haisemeki; si kwamba inakatazwa, ila haina siku ya kusemewa. Lakini maafa yenyewe ni jambo jingine. Kisima kikipasuka mafuta yatakuwa adimu. Yakiwa adimu bei itapaa. Kalenda itasogezwa mbele miaka kumi kwa mchana mmoja, na msiba wa miaka kumi iliyopita ni msiba uliokwisha kuzoeleka. Watu watakuwa wamekwisha kuoa tena. Ndiyo maana Soko lilisema tisini. Halikudanganya.

"Mwanangu yuko kule," Siwema alisema.

"Najua," akasema Bwana Fumo. "Nilimtia kwenye hesabu."

Siwema aliyanywa yale maji yote, akamrudishia glasi, akamshukuru. Adabu ni ugonjwa. Chombo cha nakala kilipeleka karatasi moja tu kila Jumanne, na ya Jumanne ile ilikwisha kwenda. Akatoka kwa mlango uleule wenye sheria juu yake, akaenda mpaka mahali bomba linapoingia mjini, akageuka upande linakotoka, akaanza kulifuata kwa miguu. Hakuaga mtu. Angemuaga nani, katika Jumanne ile, asiulizwe safari ni ya nini?

Kutembea kando ya bomba. Mchanga kushoto, mchanga kulia, katikati mstari mmoja mweupe unaong'aa. Siku tisa, tano zimekwisha, tatu za njia, inabaki moja. Moja inatosha. Moja haitoshi. Je, ukweli ni wa nani? Ukiwa wa wote unagawanywa, na ukigawanywa haupo. Ukiwa wa mmoja, huyo mmoja ni nani hata asikilizwe? Nilidhani amani ni namba. Nilidhani kelele za baba na mama ndizo zilizovunja nyumba yetu, na labda nyumba ilikuwa imevunjika kitambo, na zile kelele ndizo zilizokuwa zikituambia. Ee Mola, wangenyamaza tungefunikwa na dari tukiwa tumelala. Jua. Fundo. Nani aliamua kwamba wanaokubaliana wana haki? Mawe hayakubaliani na mtu. Tembea, Siwema. Mwanao yuko kule, amekaa juu ya kitu kilichotawanyika ndani, na karatasi iliyomkalisha pale ina jina lako.

Na kadiri alivyouacha mji nyuma, ndivyo miaka ilivyomrudia. Ile yote aliyofutiwa, kumbe haikwenda popote. Ilikuwa imemsubiri njiani, mmoja baada ya mwingine, ikampanda mgongoni bila kumuuliza. Siku ya kwanza goti la kushoto likaanza kusema. Siku ya pili nywele za pembeni zikageuka, kisha za katikati, na meno mawili yakamtoka wakati akitafuna tende, bila maumivu. Siku ya tatu aliliinamia bomba lililong'aa apate kujitazama, akaona bibi kizee anamtazama, akamsalimu shikamoo kabla hajajitambua. Alicheka kidogo. Kisha akalia, si kwa ajili ya uzee, bali kwa sababu mwanawe hakuwahi kumwona hivyo.

Alifika kisimani jua la nane likielekea kutua. Mita mia kabla ya lango harufu ya mayai yaliyooza ilimpiga puani mpaka akashika tumbo na kutapika. Walinzi walimsaidia kuinuka, wakamwuliza bibi anaumwa nini. Aliwauliza kama hawaisikii harufu. Wakasema, kwa furaha, kwamba ilikoma juzi. Iliwasumbua miaka na miaka, sasa Mungu ameiondoa, na wamechinja mbuzi kumshukuru. Bado nyama ipo, bibi, karibu. Siwema aliwatazama vijana wale wenye afya, wakitabasamu, pua zao zimekwisha kufa usoni. Akaomba apelekwe kwa Hidaya.

Hidaya alikuwa mama mzima sasa, mpana wa mabega, amevaa ovaroli yenye madoa, amekaa kwenye kigoda mbele ya gurudumu la koki. Gurudumu lilikuwa kubwa kumpita, la kuzungushwa na watu wawili wanaosimama wakitazamana, mikono minne juu yake. Ukutani nyuma yake ilibandikwa ile karatasi. Alimpokea mgeni kwa heshima, akampa kigoda chake, akamwamkia, akauliza anatokea wapi. Siwema akamwambia kwamba yeye ndiye mama yake.

Hidaya hakucheka wala hakukasirika. Alisema mama yake ana miaka arobaini na sita; ameandikiwa hivyo katika kila barua. Akaonyesha karatasi ukutani, saini ile yenye mkia mrefu, akasema mama yake anamjua kwa mkono, na mkono wake ule pale. Basi Siwema akamkumbusha mambo. Akamkumbusha mwanasesere wa kitambaa, yeye na binamu yake walivyomgombania sebuleni, na mama alivyoleta mkasi akamkata katikati, akampa kila mmoja nusu, ugomvi ukaisha. Uso wa Hidaya ulibadilika taratibu. Alishika mkono wa kizee yule, akaukunjua, akaona sugu ya kalamu kwenye kidole cha kati, akaubusu.

Kisha Siwema akasema. Alisema kila kitu, bila pamba, na hapakuwa na kalenda ya kumrudisha, na kila neno lilibaki pale lilipoanguka. Chuma kimetawanyika. Kesho jua likipanda, kinapasuka. Koki ifungwe sasa, msukumo upungue, na watu wote waondoke, wapande mwamba wa kaskazini ambako hewa ile nzito haifiki. Maisha yake yote hakuwahi kusema kwa ukamilifu hivyo, na alipomaliza alijisikia mwepesi, akadhani ameokoa.

Hidaya alisikiliza mpaka mwisho. Alimwamini, ilionekana machoni. Lakini alitazama na karatasi pia. Karatasi ilisema miaka hamsini na siku mbili, koki isiguswe, na ilikuwa na saini ya mtu aliyemlea. Mdomo wa mama ulisema ondokeni. Mkono wa mama ulisema kaeni. Alisimama kati ya hivyo viwili, akikunja uso, na Siwema aliujua mkunjo ule kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe, wa kila Jumanne. Alitaka kupiga kelele. Hakuwahi kujifunza.

Hidaya akagonga kengele, watu wakakusanyika uwanjani. Akawahesabu. Wafanyakazi walikuwa thelathini na tisa, yeye akiwemo, na mama yake akawa wa arobaini. Kwa sauti tulivu, iliyosikika vizuri, aliwaambia wasimame safu mbili. Ishirini wa upande huu watapanda mwamba wa kaskazini saa hiyohiyo, bila mzigo. Ishirini wa upande ule watabaki kazini. Hawakubisha. Mmoja tu, aliyeitwa Shomvi, mwenye mke mjamzito mjini, aliuliza yeye kwa nini yuko huku na si kule, na Hidaya akamjibu kwamba lazima mtu awe huku. Hidaya alimweka mama yake katika safu ya wanaoondoka. Yeye mwenyewe akajiweka katika safu ya wanaobaki.

Akamjia Siwema, akamwinamia sikioni, uso umemchangamka kwa fahari, uso uleule aliokuwa nao akimletea daftari la shule.

"Nimewapatanisha, mama," akasema.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siwema alisikia kitu kikikatika ndani yake, taratibu, bila mlio. Angemkemea kwa lipi? Kila alichokifanya alikifanya sawasawa. Hapakuwa na kosa hata moja katika hesabu yake. Wale ishirini walikwisha kuanza kuondoka, wakigeuka-geuka kuwatazama wenzao, na mmoja akarudi kuchukua kofia. Siwema akatoka kwenye safu yake. Alikwenda akamshika Shomvi kwenye kiwiko, akamwambia nafasi yake imechukuliwa, akimbie, na Shomvi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Kisha kizee akaingia kwenye chumba cha koki, akavua kandambili, akasimama upande mmoja wa gurudumu, akalishika kwa mikono miwili na kusukuma.

Halikutikisika. Akasukuma tena, mishipa ya shingo ikamtoka, mguu ukateleza, akajiweka sawa. Alijua kwamba ni kazi ya watu wawili, alijua kwamba hao kumi na nane waliobaki nje hawataligusa bila ruhusa, na ruhusa ilikuwa kwa mtu mmoja aliyesimama mlangoni.

"Hidaya," akasema. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote tangu azaliwe. "Chagua."

Hidaya alimtazama. Machozi yalimlengalenga, akawa mtoto kabisa. Aliibandua ile karatasi ukutani, kwa uangalifu, asiichane pembe. Akaja akasimama upande wa pili wa gurudumu, uso kwa uso na mama yake, kama kazi ilivyotaka. Mkono wa kushoto akaubana kifuani, umeshika karatasi. Mkono wa kulia akauweka kwenye gurudumu.

Mikono mitatu. Gurudumu lilizunguka hadi nusu, likakwama, na mama akaendelea kusukuma.